Shuka la Umande

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Strandzha, na Gergina alikuwa akisukuma toroli la mwisho la samadi kupanda njia ya mawe. Gurudumu lilikuwa bovu. Kila lilipozunguka lililia kwii... kwii... na kijiji kizima kilijua kwamba mke wa Mladen anapeleka tena mavi ya mbuzi kuulisha udongo usioshiba.

Alitamani kulipita lango la wifi yake bila kuonekana. Wapi! Tudora alikuwa pale pale, kaegemea nguzo, kitambaa cheusi cha ujane kichwani, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda njiani.

"Wifi, hilo la ngapi leo?"

"La sita."

"Maskini weee. Na huo udongo wenu hata asante hausemi." Akatema ganda. "Mimi juma lililopita nilichomeka vijiti vya kupandishia maharage. Leo nakuta vijiti vyenyewe vimetoa majani. Sasa nivifanyeje, nivichape?"

"Mshukuru Mungu, wifi."

"Namshukuru. Nawe ukipungukiwa kitunguu usione haya. Lango langu halina kufuli."

Gergina alisonya moyoni, akasukuma toroli lake. Kwii... kwii...

Kisa cha mawifi hawa kilikuwa cha zamani. Mzee Stamen, baba yao Tudora na Mladen, alipokaribia kufa aligawa ardhi yake. Bustani ya chini, yenye udongo mweusi unaonukia kama mkate uliotoka tanuri, akampa binti. Bustani ya juu, nyeupe kama chokaa, ngumu kiangazi na utelezi masika, akampa Mladen, mwanawe wa pekee wa kiume. Watu walishika vichwa. Tangu lini binti akala nyama na mwana akaachiwa mfupa? Miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita, na neno hilo lilikuwa bado limemkwama Gergina kooni kama mwiba wa samaki.

Mladen mwenyewe hakuwa na kinyongo. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mpole mpaka anaudhi. Alistaafu mgodini na mapafu mabovu, na tangu hapo, miaka kumi na moja sasa, kazi yake ilikuwa ni kuuganga ule udongo. Alimwaga majivu na maganda ya mayai. Alibeba tope la mtoni kwa ndoo. Kila vuli alikusanya majani ya mialoni akayafukia, na kila masika alipanda kunde akazilima zikingali mbichi ili zioze mle mle. Mvua ikinyesha aliteka udongo kiganjani, akaunusa.

"Udongo ni kama mgonjwa wa homa, mama," alikuwa akimwambia mkewe. "Humpi nyama siku ya kwanza. Unampa uji."

"Miaka kumi na moja ya uji, Mladen!"

"Si anapata nafuu?"

Vuli iliyopita aliingia jikoni mbio, anakohoa na kucheka, na kiganjani kashika minyoo mitatu. Mitatu tu. Aliionyesha kama mtu anayeonyesha pete za dhahabu. "Imekuja yenyewe! Mnyoo haendi mahali pabaya, mama. Imekuja yenyewe!"

Gergina alimpenda mno dakika ile, na moyo ukamuuma mno. Maana minyoo hailiwi. Mwezi wa pili rafu za akiba zilikuwa tupu, daktari alikuwa amesema Mladen asipokula vizuri hatavuka baridi nyingine, na ilimbidi Gergina ashuke kwa wifi yake na kikapu mkononi kuomba. Tudora alimpa mitungi midogo tisa ya kioo ya pilipili hoho na nyanya za kusaga, na pamoja na kila mtungi, neno la kejeli. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuna Gergina jioni ile, kuliko hata Tudora alivyotafuna mbegu zake.

Alipofika juu alimkuta Mladen kwenye ua wa fito, anamfundisha jirani yao mpya kupanga mboji. Iskra alikuwa msichana wa mjini aliyehamia nyumba ya kilimani mwaka ule, mumewe dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa kajifunga mtoto wake wa miezi minne kifuani. Bustani yake ilikuwa chokaa vilevile.

"Shangazi," Iskra alimwambia Gergina, "mjomba anasema niwe na subira. Subira miaka mingapi?"

"Muulize yeye," akajibu Gergina, akapindua toroli.

* * *

Wazo alilokuwa nalo Gergina kuhusu bustani ya wifi yake lilikuwa limepandwa vuli, siku ya kuchoma pilipili hoho za akiba ya baridi. Wanawake walikuwa uani kwa Tudora, bati juu ya moto, moshi mtamu, vidole vyeusi kwa maganda yaliyoungua. Tudora alisimulia huku anacheka kwamba bibi yao, yeye na Mladen, alikuwa mwizi. Si wa kuku. Mwizi wa rutuba.

"Alfajiri ya Mtakatifu Georgi," alisema, "kabla jua halijachomoza, alikuwa anakwenda bustani ya mtu na shuka jeupe. Nywele wazi, miguu peku, bila mkanda. Analiburuza shuka kwenye umande anasema, 'Vyote vilivyomo humu, vinifuate mimi.' Kisha, bila kutazama nyuma, analikamua kwake. Basi! Mwaka ule kwake kunajaa, kwa mwenzake kunakauka."

Wanawake wakacheka, wakajipiga ishara ya msalaba kwa vidole vyenye masizi. Kikongwe mmoja tu hakucheka. Alinong'ona kwamba mwizi mwenye akili huomba ule unono wa juu, kiasi cha kujaza kisahani. Hasemi *vyote*.

Gergina alisikia yote mawili. Lakini mtu mwenye donge rohoni hukumbuka analotaka.

Basi alfajiri ya siku ya Mtakatifu Georgi, mwanzoni mwa mwezi wa tano, Mladen akikoroma na kifua kikimlia kama mlango mbovu, Gergina alifungua sanduku akatoa shuka la harusi yake. Akafungua nywele. Akavua mkanda. Akashuka njia ya mawe peku, na mawe yalikuwa ya baridi kama meno.

Lango halikuwa na kufuli.

Bustani ya Tudora ilikuwa kimya. Hakuna chura, hakuna ndege. Umande ulikuwa mzito juu ya kila jani. Gergina alitandaza shuka, akashika pembe mbili, akaanza kuliburuza. Shaaa... shaaa...

"Vyote vilivyomo humu, vinifuate mimi."

Alipita kwenye vitunguu. Akapita kwenye saladi. Kwenye pembe ya mwisho kulikuwa na jiwe bapa, lenye madoa meusi, na shuka likapita juu yake.

Hapo likawa zito.

Umande ni maji, na maji yana uzito, alijiambia hivyo. Akavuta. Mabega yalimuuma kana kwamba anavuta mtu aliyelala. Alifika langoni, akasimama abadilishe mikono.

Sauti ya kuburuzwa haikusimama.

Shaaa... shaaa... shaa.

Kisha ikasimama, nyuma yake, karibu kabisa.

Harufu ilimfikia, harufu ya udongo wa chini sana, ule wa kisimani, na ndani yake kitu kama chuma kilicholowa. Alijua sheria kwamba hutakiwi kutazama nyuma. Hakutazama. Alipanda njia yote ile akilia bila sauti, na kila aliposimama kuvuta pumzi, kile kitu nacho kilichelewa kidogo, kikasimama.

Katikati ya bustani yake nyeupe alilikamua shuka. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia.

Yalikuwa ya moto.

Na udongo uliyanywa kwa sauti. Alisikia wazi chini ya nyayo zake, mnyonyo mrefu, kama ndama kwenye chuchu.

* * *

Adhuhuri ya siku ile kila nyumba kijijini ilinuka mwanakondoo wa kuoka. Mladen alirudi kutoka kumsalimu dada yake na uso wa kushangaa.

"Dada hakuchinja leo. Kila mwaka huwa anachinja wa kwanza kijiji kizima, na damu anakwenda kuimwaga mwenyewe bustanini, hataki msaada. Leo nimemkuta amekaa barazani anakula mtindi. Anaimba, mama! Sijamsikia Tudora akiimba tangu tukiwa watoto."

Gergina akasema labda ni uzee.

Baada ya juma moja udongo ulikuwa umegeuka rangi. Baada ya majuma mawili ulikuwa mweusi ti. Miche ya nyanya iliyokuwa na kimo cha kidole ilimfika Gergina kiunoni. Maharage yalipanda vijiti, yakavipita, yakarudi chini kutafuta vingine. Watu walikuja kutazama uani wakiwa midomo wazi, na Mladen aliwapokea kofia mkononi, machozi yakimtoka bila aibu.

"Miaka kumi na moja," alimwambia kila mtu. "Uji, uji, uji... na sasa ameamka!"

Usiku alimshika mkewe mkono. "Nilidhani nitakufa nikuachie chokaa. Sasa hata nikiondoka leo, utakula." Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, "Ila sioni mnyoo hata mmoja. Nimechimba kote. Imekwenda wapi?"

Hapo ndipo Gergina alipaswa kusema. Alifungua mdomo. Akautazama uso ule wenye furaha, akafunga mdomo.

Walitangulia kuku. Walikuwa saba. Asubuhi moja banda lilikuwa tupu, na kwenye tuta la vitunguu Gergina alikuta miguu kumi na minne ya njano, imesimama wima kwa mstari, kama mtu kaipanda. Aliivuta mmoja mmoja. Ilitoka kwa shida, kama karoti, na juu ya goti hakukuwa na kitu. Alimwambia Mladen ni mbweha.

Mwezi wa sita akafuata mbuzi wao, Sivka. Ilikuwa magharibi. Gergina alikuwa jikoni akasikia mlio mmoja... ukakatika. Alitoka mbio. Kati ya mistari ya nyanya kilionekana kichwa cha Sivka, kimetoka juu ya udongo mpaka shingoni, macho wazi, taya bado zinatafuna. Alikuwa hai! Alimtazama mfugaji wake.

Gergina alizishika pembe akavuta kwa nguvu zote.

Kichwa kilikuja peke yake.

Alianguka chali nacho kifuani, damu ikimmwagikia shingoni, na pale kiliposhikana na mwili udongo ulikuwa umeshajifunga. Kitu kilipita chini ya tuta, kinene kama paja, kinainua nyanya na kuzishusha taratibu kuelekea kwenye pembe ya bustani. Mnyonyo ulisikika kwa muda mrefu. Zile nyanya, zilizokuwa za kijani asubuhi, zilikuwa zinaiva mbele ya macho yake.

* * *

"Karibu, wifi," alisema Tudora. "Umekawia. Nilikutarajia kwenye kuku."

Bustani yake ilikuwa imekufa, imekuwa majivu na nyufa. Yeye alikuwa amenenepa kidogo, na kitambaa cheusi kilikuwa kimetundikwa msumarini. Gergina hakukaa. Alikuwa bado na damu ya mbuzi chini ya kucha.

"Ni nini kile?"

"Mwenyeji." Tudora alisema kwa sauti ya chini, kama jina la mgonjwa. "Kila ardhi njema ina mwenyewe. Wa watu wengine ni nyoka wa kawaida tu anayelala mpakani, ukimwachia maziwa karidhika. Wa kwetu babu zetu walimzoesha damu. Mwanakondoo, Mtakatifu Georgi, juu ya lile jiwe. Ukimpa kabla hajaomba, anatulia. Ukichelewa, anajihudumia. Na kila akijihudumia anakua, na mwaka unaofuata mwanakondoo hamtoshi tena."

"Mumeo..."

"Radko hakuangukia kisimani kama nilivyowaambia. Nilichelewa siku mbili." Aliitazama mikono yake. "Na baba hakufa kitandani. Jeneza mlilolibeba lilikuwa na mawe, Mladen hajui. Baba alishuka mwenyewe bustanini kwa miguu yake ili kile kitu kinyamaze, mimi nipate miaka michache ya raha."

Gergina alishika meza. Ule mwiba wa miaka ishirini na tisa ulimgeuka kooni.

"Ulidhani alinipenda mimi zaidi, eeh?" Tudora alicheka bila furaha. "Alimpenda Mladen. Ndiyo maana alimpa chokaa. Kwenye chokaa hakuna kinachoishi. Mimi nilikuwa binti tu, akaniachia kile."

"Kirudishe, wifi. Nakupigia magoti. Njoo na shuka lako ukichukue."

"Kinahama siku ile moja tu ya mwaka. Na hata ingekuwa leo, siji. Tangu alfajiri ile nalala usiku kucha, mara ya kwanza tangu Radko aondoke. Mwanakondoo sikuwa naye tena, sina ng'ombe, sina mtu. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu mimi."

"Kwa hiyo ukatuletea sisi! Ndugu yako wa damu! Na ile hadithi yako, na lango lisilo na kufuli..."

"Nilikuomba uje?" Tudora alimkazia macho, na macho yalikuwa mekundu. "Nilikuomba hata siku moja? Mimi nilisifia pilipili zangu tu. Mchuma janga hula na wa kwao, Gergina. Nenda ukamlishe mgeni wako."

* * *

Gergina alimlisha. Sungura, bata, kondoo mzee aliyemnunua kwa siri Mladen asijue. Alimchinjia pale pembeni, akijifunga masikio kwa kitambaa asisikie ule mnyonyo. Alimsihi Mladen waende mjini kwa binamu yake walau mpaka baridi. Mladen alicheka hadi akakohoa. Aondoke sasa? Nyanya zikiwa nzito kama vichwa vya watoto?

Basi ikafika katikati ya mwezi wa nane. Mchana mweupe, joto kali, nzi wengi. Gergina alikuwa ananoa shoka uani apasue kuni za kuchemshia mitungi. Mladen alikuwa amepiga magoti kwenye matuta hatua kumi kutoka kwake, mkono wa kuume umezama udongoni hadi kwenye kiwiko.

"Toka hapo!" Gergina alipiga kelele. "Unafanya nini?"

"Natafuta minyoo. Labda imeshuka chini kwa joto." Akakunja uso kidogo, kama mtu anayesikiliza. "Mama..."

"Nini?"

"Kuna kitu kimenishika mkono."

Alilisema kwa utulivu kabisa.

Kisha kikavuta.

Mladen aliingia mpaka begani kwa mvuto mmoja, uso ukapiga udongo. Gergina alifika akamshika kiuno, akavuta, visigino vikachimba. Hakuna. Chini palikuwa panakatika vitu, moja moja, kama vijiti vikavu. Mladen alilia sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata mgodini. Gergina alichukua jembe akaupiga udongo, akapiga, akapiga. Damu iliruka kutoka ardhini, nyeusi, ikamwingia machoni, na haikuwa ya Mladen. Kile kitu hakikuachia. Kilivuta tena. Shavu la Mladen lilizama. Udongo ulianza kumwingia mdomoni, wenyewe, kama maji yanayotafuta njia.

Jicho lake moja lilikuwa juu. Lilimtazama mkewe, likalitazama shoka.

"Kata..." alisema ndani ya udongo.

Pigo la kwanza lilikwama mfupani. Ilibidi amkanyage mumewe shingoni ili alichomoe. La pili liliteleza. La tatu alipiga huku anaita jina la Mama wa Mungu, na Mladen akachomoka kutoka kwa kile kitu, hai lakini bila mkono, na wote wawili wakaviringika hadi ukutani. Gergina alivua mkanda wake akafunga kile kilichobaki. Nyuma yao udongo ulikuwa unanyonya... unanyonya... na pilipili moja baada ya nyingine zilikuwa zinageuka nyekundu.

Iskra alikuja mbio kutoka kilimani, mtoto akipiga kelele kifuani. "Shangazi! Nini? Nini hiki?"

"Mashine ya kusagia," alisema Gergina. Na ndivyo alivyomwambia dereva wa gari la wagonjwa, na daktari, na askari.

Mladen hakubisha. Hakuikumbuka mashine, lakini hakukumbuka kingine pia. Siku ya tano hospitalini, homa iliposhuka, alisema neno moja tu lililomfanya Gergina atoke nje ashike ukuta.

"Hakikunishika vibaya, mama. Kilinishika kama baba alivyokuwa ananishika tukivuka mto."

* * *

Mavuno yalikuwa hayajapata kuonekana. Mitungi ilijaa rafu, ikajaa sakafu, ikajaa chini ya kitanda. Mladen alikula akanenepa, kikohozi kikapungua. Jioni alikaa dirishani, mkono mtupu wa shati umekunjwa kwa pini, anaitazama bustani yake kwa upendo. Na Gergina alimtazama yeye, akihesabu miezi hadi siku ya Mtakatifu Georgi. Mkono mmoja ungekitosheleza baridi nzima. Masika kingetaka nini? Alimtazama kila usiku na kila usiku alipata jibu lile lile.

Siku ya kuchoma pilipili alimwalika Iskra. Bati juu ya moto, moshi mtamu. Mtoto alikuwa anatambaa sasa, na alikuwa amepaka masizi pua. Iskra alisema kwamba kwake mwaka mzima amevuna figili sita, na figili zenyewe kama njegere.

"Maskini," alisema Gergina. Akasikia sauti yake, na akaijua ni ya nani. Hakuacha. "Bibi yake mume wangu alikuwa mwizi, unajua? Si wa kuku..."

Akasimulia huku anacheka. Alisimulia yote, hadi lile neno *vyote*.

Na masika ilipofika alipita kwa Iskra jioni ya kuamkia sikukuu na kikapu cha saladi na vitunguu vibichi, vikubwa, vinang'aa. Mtoto alimshika kidole, akacheka kwa meno yake machache. Gergina alisimama kizingitini muda mrefu. Alitaka kusema. Mungu ni shahidi yake, alitaka.

"Ukipungukiwa, usione haya," ndicho kilichotoka. "Lango langu halina kufuli."

Alfajiri alikuwa macho. Hakuwa amenunua mwanakondoo. Alilala chali, sikio kwenye dirisha lililo wazi, na muda si mrefu akasikia bawaba za lango. Kisha...

Shaaa... shaaa...

Angeweza kupiga kelele. Neno moja lingetosha. Alijifunga mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, na machozi yakamwingia masikioni.

"Nini hicho?" Mladen alinong'ona.

"Umande. Lala."

"Umande una sauti?"

"Lala, baba."

Alimshika mkono wake mmoja akaung'ang'ania. Sauti ilipanda kilimani pole pole. Ilisimama mara moja. Na baada ya kusimama, ikaendelea kidogo.

Asubuhi bustani ilikuwa imerudi nyeupe. Nyufa, chokaa, mabua makavu. Mladen alikwenda akasimama katikati yake, na Gergina alidhani moyo utampasuka. Kisha mzee alipiga magoti. Alichimba kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, akachukua kiasi, akanusa.

"Mama!" aliita, na sauti ilijaa furaha ya mtoto. "Mama, njoo uone! Mnyoo! Kamerudi kamoja!"

Gergina alitoka. Alisema moyoni kwamba hakumwomba yule msichana aje. Alisifia pilipili zake tu. Alipiga magoti kando ya mumewe, akainamisha kichwa kukitazama kile kiganja.

Kutoka kilimani Iskra alikuwa anaita kuku wake wapate nafaka. "Tii, ti ti ti ti..." Hakuna kuku aliyeitika. Akaita tena, mbali zaidi, nyuma ya nyumba, na mtoto akawa anamwigiza kwa kicheko. "Tii, ti ti ti ti..."

"Mwangalie alivyo mnene," alisema Mladen.

"Namwona," alisema Gergina.

Juu kule Iskra alikuwa bado anaita.